Neno Lililofuata Jina la Dama

Mwaringa alikuja kwangu Gongoni wakati wafanyakazi wa chumvi wanakula mchana, akaketi benchi la nyuma kama mteja yeyote, akaagiza wali na samaki wa kupaka, akala mpaka akalamba vidole. Sikumtambua. Miaka imemnenepesha, na kofia alikuwa ameivuta mpaka kwenye nyusi. Nilimtambua alipoinua mkono wa kulia kuomba maji. Mkono ule niliuona ukiinuka hivyo siku moja nikiwa msichana, ukiwa na panga, na alama yake ninayo hapa chini ya kiwiko. Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto havikunjiki tangu siku hiyo. Nikamwekea jagi la maji mezani, nikasimama papo hapo.

"Hujambo, dada Kadzo."

"Dada yako mimi tangu lini?"

"Nimekuja kwa heri."

"Heri haivai kofia ndani ya nyumba. Sema lililokuleta, watu wangu wanataka benchi."

Akavua kofia, akaiweka magotini, akaanza kuizungusha. Akasema baba yake, Mzee Kahindi, amewashinda. Kwamba kuna vifo nyumbani Matsangoni visivyoeleweka, mke wake mwenyewe haamki kitandani, na ukoo umekaa ukaona ni nani. Jumamosi watu watakutana uani. "Kila mtu anajua," akasema, "lakini panatakiwa mtu wa kulitamka. Wewe ukisimama na mkono wako huo, hakuna atakayebisha."

"Nitamke nini?"

"Kwamba baba ni mutsai."

Mutsai ndiye mchawi, kwa Kigiriama chetu. Nilikuwa sijalisikia neno hilo likitamkwa mbele yangu kwa miaka mingi, maana Gongoni watu wametoka kila mahali na nimejizoeza kuishi na wageni. Nikamuuliza, "Na panga alishika nani, Mwaringa? Babako au wewe?"

"Nilishika mimi. Lakini akili hazikuwa zangu, dada. Mzee alinifunga. Shangazi yako Dama hakuwa na lolote, sasa tunajua. Mchawi alikuwa yeye mwenyewe tangu mwanzo. Ukilisema hilo, utapumzika. Sote tutapumzika."

Alipoondoka nilisugua sahani yake kwa jivu, kisha nikaona haitoshi, nikaivunja nyuma ya jiko. Wale wavuna chumvi wakacheka, mmoja akasema, "Mama leo kafilisika, anakula vyombo." Na mimi nikacheka nao, kwani ningewaambia nini? Lakini kutoka hapo mpaka Jumamosi sikulala vizuri, na si kwa sababu ya Mwaringa. Ni kwa sababu ya lile neno "utapumzika". Alijuaje kwamba sijapumzika? Mimi ndiye niliyekatwa. Mimi ndiye niliyekwenda kituo cha polisi na bandeji, nikawataja wote kwa majina, Kahindi, Mwaringa na yule mganga Ngowa, mpaka askari akaniambia nipunguze sauti. Kesi ikafia njiani kwa kukosa mashahidi, kijiji kizima kikasema ni watu wasiojulikana. Hatia ni yao, na niliwataja. Basi mbona wao wananenepa na mimi ndiye ninayeamka alfajiri moyo unadunda kama mwizi?

Sitaki kueleza nilizaliwa wapi na nani alioa nani. Mtu akitaka hayo akaulize. Ninachotaka kueleza ni mwaka mmoja tu, mwaka niliokaa Matsangoni kwa shangazi Dama nikiwa na miaka kumi na saba, mwaka ambao masika yaligoma na mihogo ikatoka myembamba kama vidole. Dama alikuwa mjane. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na makuti, vyumba viwili, kile cha mbele kikiwa na kitanda cha kamba, redio isiyokuwa na betri iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, na harufu ya korosho zilizorundikwa pembeni mpaka zipate mnunuzi. Chumba cha nyuma tulilala sote wawili. Shamba lilishuka kutoka barabara kuu hadi kwenye mikorosho, na nyuma ya jiko kulikuwa na mpapai mmoja uliozaa bila aibu, mwaka mzima. Kila asubuhi Dama alikata papai, akalitoa mbegu kwa kijiko, akaliweka mbele yangu. Yeye hakuonja. Nilipomuuliza siku za kwanza akacheka, akajishika mdomo. "Papai na midomo yangu hawasalimiani. Nikila kipande tu, nafura kama nimeumwa na nyuki. Tangu nikiwa mtoto. Kula wewe, mwanangu." Marehemu mume wake alilijua hilo. Shemeji yake alilijua. Shemeji yake ndiye Kahindi, na nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa mikorosho, na kila Jumapili alikuja kula wali wetu wa nazi, akisifu, akiomba ukoko.

Alasiri tulikwenda ngumbaru. Ilikuwa katika chumba cha watoto wa chekechea, na viti vilikuwa vyao, kwa hivyo sisi watu wazima tulikaa magoti yakigusa masikio. Mimi niliacha shule darasa la tatu, na Dama hakuwahi kuiona kabisa. Mwalimu alikuwa Safari, kijana mwenye ndevu na shati lililopigwa pasi, aliyependa ubao kuliko chakula. Wengine walitaka kusoma majina ya dawa na mabango tu, lakini yeye alikuwa na mambo yake. Siku moja akaandika ubaoni neno moja, DAMA, akaweka chaki chini, akatuangalia. Tukangoja. Akazidi kutuangalia.

"Mbona mnanikodolea macho?" akauliza.

"Tunangoja," Dama akasema. "Dama nini? Dama kafanyaje?"

"Haya basi! Jina likikaa peke yake halijasema kitu, linawaachia watu kiu. Huyu anayesemwa ndiye kiima. Na kile kinachokuja kukata kiu, kikasema neno juu yake, ndicho kiarifa. Leteni viarifa."

Tukaleta. Dama anapika. Dama ana jembe. Dama ni mrefu. Mmoja akasema Dama ni mchoyo wa mabibo, darasa likapasuka. Safari akaandika yote kwa mstari, kisha akatuambia tuyatazame, kwamba hayafanani. "Dama anapika", akasema, litakwisha sufuria ikiteremshwa. "Dama ana jembe" unaweza kwenda nyumbani kwake ukalitazame. Lakini "Dama ni mchoyo", hilo analala nalo, anaamka nalo, na hata akigawa mabibo kesho mtasema anajificha. Kuna viarifa vyenye mlango wa kutokea, na kuna visivyo na mlango.

"Na nani anaruhusiwa kuvileta?" Dama akauliza.

"Yeyote mwenye chaki."

"Hapo ndipo ulipo ubaya, mwalimu."

Siku nyingine akatuletea hesabu za maneno. Kila beberu ana ndevu, akasema. Mimi Safari nina ndevu. Je, mimi ni nani? Dama hakungoja. Akatoka nje, akarudi na konzi ya majani, akamwekea mezani. "Kula, mwalimu, usione haya." Tulicheka mpaka mwenye duka la jirani akaja kuchungulia dirishani. Safari naye alicheka, kisha akagonga ubao. "Mmeona? Ndevu hazitoshi. Kila beberu anazo, ndiyo, lakini si kila mwenye nazo ni beberu. Ukitoka hapa ukasahau yote, kumbuka hilo." Dama alilipenda. Wiki nzima alilisema jikoni kama wimbo. Nikichelewa kutoka mferejini akasema, "Utaambiwa una mvulana, lakini ndevu hazitoshi." Nikiliandika hili leo nasikia sauti yake hasa, ile ya chini, na natamani isingekuwa imeniingia vizuri namna hiyo. Mjinga ana nafuu. Asiyefundishwa ana la kusema mbele ya Mungu. Mimi nilifundishwa, nikacheka, nikajibu swali sawasawa na nikapewa tiki.

Kahindi alitaka upande wa shamba ulioko barabarani. Kulikuwa na mtu anataka kuununua, na Dama hakutaka kutia kidole kwenye hati. Niliwasikia nikiwa bafuni, Kahindi na Mwaringa wamesimama nyuma ya ukuta wa makuti. Mwaringa akasema, "Mwanamke mmoja, baba, anatushinda?" Kahindi akajibu polepole, kama mtu anayechagua nazi, "Hatushindi. Dama tu… we ngoja." Akaliacha jina lake hapo, bila kitu cha kulimaliza. Sikuelewa. Nilikuja kuelewa mtoto mdogo wa Kahindi alipokufa kwa homa. Dama alikuwa amembeba mtoto yule mara nyingi, akimpa uji. Matangani niliketi na wanawake tukimenya viazi, na nikasikia jina lake likipita kutoka mdomo hadi mdomo. "Lakini Dama…" mmoja anasema, kisha anamenya. "Dama yule…" mwingine anajibu, kisha anamenya. Hakuna aliyemalizia. Hakuna aliyekuwa na kiu. Kiarifa kilikuwa kimekaa katikati yetu kama sinia, kila mtu anakiona, hakuna wa kunyoosha mkono. Nikaangalia nywele za shangazi yangu zilivyokuwa nyeupe juu ya masikio. Nilikuwa sijawahi kuziona kama kitu. Siku hiyo niliziona.

Ndipo Kahindi akaja asubuhi moja, si Jumapili, akakataa kuketi. "Shemeji," akasema, "watu wanasema sana, na mimi sitaki maneno. Twende kiraho tusafishane. Mimi nitakula, wewe utakula, na huyu msichana naye, maana analala chumba kimoja nawe. Aliye safi atajulikana." Kiraho ni kiapo chetu. Kuna cha shoka la moto na kuna vingine, na kwa mganga Ngowa, kule ndani tulikopelekwa, ni cha papai. Anakata vipande, anavisemea maneno, mnakula. Mchawi, wanasema, papai humfurisha mdomo. Kwa asiye mchawi hushuka kama papai jingine lolote.

Dama alisimama na ufagio mkononi. "Kahindi, papai wewe unajua linanidhuru."

Kahindi akawageukia waliokuja naye. "Mnasikia? Hata halijakatwa, ameanza kulikataa."

Hapo hapakuwa na mlango tena. Akikataa ni mchawi, akila atafura. Aliuona mtego, kwa hakika aliuona, maana alitazama chini muda mrefu akifagia mahali palipokwishafagiwa. Kisha akaniambia nivae kanga safi. Njiani alinishika mkono akasema, "Nitawaeleza. Na wewe upo, unajua. Mwalimu naye atakuwepo." Kweli Safari alikuwepo, kamati ya kijiji ilimpeleka kama shahidi, na alikuwa amevaa lile shati la pasi. Nilipomwona nilifarijika. Nilidhani ubao umekuja pamoja naye.

Uani kwa Ngowa palikuwa pamefagiwa kama kanisani. Tukaketishwa chini watu watatu, Kahindi kulia, mimi katikati, Dama kushoto. Ngowa, mtu mwembamba mwenye sauti ya upole, alikata papai mbele yetu, akazunguka nalo, akanung'unika. Kahindi akala, akafungua mdomo, akaonyesha ulimi. Nikala mimi. Hata leo najua ladha yake. Lilikuwa limeiva vizuri, tamu. Nikafungua mdomo, nikaonyesha ulimi, na Ngowa akatupaka unga mweupe kwenye paji la uso, mimi na Kahindi, kidole kile kile, unga ule ule. "Hawa ni safi," akasema. Watu wakaitikia. Na mimi, Mungu anisamehe, kabla sijafikiria lolote, nilifurahi. Nilisikia mwili wote umekuwa mwepesi. Watu waliokuwa wananikwepa mferejini walikuwa wananitazama vizuri.

Dama akala. Haikuchukua muda. Mdomo wa juu ulianza, kisha wa chini, kisha shavu. Alikuwa anajaribu kusema na maneno yanatoka yamefungwa. "Mimi… papai lolote… hata la nyumbani. Muulizeni Kadzo. Kadzo anajua, tunaishi naye."

Watu wakanitazama. Nikafungua mdomo. Ngowa akainua kidole, kwa upole ule ule. "Aliyetakata hazungumzi na asiyetakata, mpaka aoge. Akizungumza, ya yule yanamhamia." Nikamtafuta Safari. Alikuwa amesimama na kamati, na macho yetu yalikutana, na najua alijua, kwa sababu alishika ndevu zake. Kila mchawi hufura, huyu amefura. Konzi ya majani mezani. Sentensi mbili tu zingetosha, yake moja na yangu moja. Akatazama viatu vyake. Baadaye nilimsikia akimwambia mtu, "Hayo ni mambo ya mila, mimi ni mtu wa vitabu." Safari alikufa juzijuzi na akazikwa kwa hotuba nyingi, wakasema alipenda ukweli. Mimi namtaja hapa pamoja na wengine. Alikuwa na chaki, akaitia mfukoni.

Na mimi? Nilifunga mdomo. Niliambiwa nikanyamaza, na nilikuwa msichana, na nilikuwa nimeogopa, yote hayo ni kweli na nimeyasema mbele ya mchungaji na mbele ya kioo. Lakini kuna sehemu ndogo ambayo haikuogopa. Sehemu hiyo ilitaka kubaki na unga kwenye paji. Siku ile mimi na Kahindi tulisemwa neno moja, safi, na nililibeba mpaka nyumbani bila kulifuta.

Nilitegemea Dama atanigombeza. Hakunigombeza. Siku mbili alikunywa uji kwa mrija, nusu mdomo, akiuinamia. Ngumbaru hatukwenda tena, na hakuna aliyetuuliza kwa nini. Mferejini ndoo zilisogezwa tukifika. Kisha asubuhi moja uvimbe umeshuka, nikaamka nikakuta amechuma papai, amelikata, ameondoa mbegu kwa kijiko, ameliweka mbele ya kiti changu kama siku zote. Sikuweza kuligusa. Akaketi mkabala nami na chai yake ya rangi.

"Kula, mwanangu. Tunda halina kosa."

"Shangazi, pale kwa Ngowa mimi nilitaka…"

"Kula," akasema. "Ukiwa na njaa utanisaidia nini?"

Nikala. Nikalimaliza lote, na yeye akaniangalia mpaka ganda. Hakuna aliyewahi kuniadhibu zaidi ya hivyo, na sijui kama alikusudia.

Walikuja mchana mweupe, jua limeanza kuinama, wakati watu wote wana haki ya kuwa macho. Dama alikuwa ameinama kwenye jiko anachochea kuni, mimi nakuna nazi mlangoni. Mwaringa aliingia kwa upande wa mpapai na wenzake wawili waliojifunga vitambaa usoni, yeye hakujifunga. Niliinua mkono wa kushoto bila kufikiria, na hilo ndilo la pekee nililolifanya mwaka ule ambalo sijiulizi mara mbili. Lakini mkono mmoja ni kitu gani? Dama hakulia kwa sauti. Nilimsikia akisema, "Mwaringa, nimekubeba," kisha basi. Nikiwa chini niliona miguu ya Kahindi kwenye uwazi wa ua, amesimama, amefunga mikono nyuma. Jirani akapita barabarani akauliza kuna nini, na Kahindi akamjibu kwa sauti ya mtu anayeaga wageni, "Ni mambo ya nyumbani." Yule akaenda zake.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nilipopanda gari Jumamosi kwenda Matsangoni. Nilikuwa nimeamua. Nilivaa leso mpya, nikavaa blauzi ya mikono mifupi kwa makusudi, alama ionekane. Kahindi alistahili. Ningesema neno moja, mutsai, na dunia ingelizungusha gurudumu lake na kumrudia yeye mwenyewe, na Mwaringa ningemwachia Mungu. Isitoshe, ningepumzika. Kama Kahindi alikuwa mchawi, basi alitufunga akili sote, Mwaringa mkono wake, na mimi mdomo wangu. Nilikuwa nimekesha usiku mzima nikilionja wazo hilo, na sikatai, lilikuwa tamu kama papai lililoiva.

Upande wa barabarani wa shamba una ukuta sasa na geti la chuma, wa mtu mwingine. Uani kulikuwa na viti vya plastiki vya kukodi. Mwaringa akanipokea kama bibi harusi. Kahindi alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, peke yake, na mwanzoni sikuelewa nilichokuwa nakiona. Nywele zake zilikuwa nyeusi ti. Mzee wa umri ule! Kisha nikaona jasho linamtiririka shingoni likiwa jeusi, limechafua kola. Alikuwa amejipaka piko. Wazee wa kwetu wanafanya hivyo siku hizi, wanaficha mvi wasije wakaitwa wachawi, kama msichana anavyoficha mimba. Mbele yake, juu ya sinia lililofunikwa kitambaa, nilijua kabla halijafunuliwa kuna nini.

Mwaringa akasimama. "Mnamjua Kadzo. Mnauona mkono wake. Leo atasema mwenyewe mzee huyu ni nani."

Nikasimama. Jina likanitoka kwanza, "Kahindi wa Matsangoni." Watu wakangoja. Uso mzima wa uwanja ulikuwa na kiu, na nilijua neno wanalolitaka, lilikuwa ulimini, limeshaiva. Na Kahindi akainua macho akanitazama vile vile Dama alivyonitazama kwa Ngowa, kwa sababu mtu akiwa chini kwenye mkeka ule hana macho mengine. Kadzo anajua. Muulizeni Kadzo.

"Kahindi si mchawi," nikasema.

Mwaringa akacheka, akadhani nimekosea. "Dada, sema vizuri, watu hawasikii."

"Nasema vizuri. Si mchawi. Ana mvi, hata akizipaka rangi, na mvi hazitoshi. Watu wamekufa, na vifo havitoshi. Hilo papai mmelifunika hapo nalo halitoshi, maana yuko mtu nilimjua alikuwa akifura kwa papai lolote, hata la nyumbani kwake, tangu utotoni, na Kahindi alilijua, ndiyo maana akalichagua. Sasa mtanisikiliza. Kahindi alitaka shamba. Kahindi aliwaleta watu nyumbani kwa Dama. Kahindi alisimama pale, penye ua, akasema ni mambo ya nyumbani. Na huyu Mwaringa ndiye aliyekata, mchana, akili zake mwenyewe, kwa mkono huo anaoupunga. Hayo walifanya. Nendeni mkaulizie hayo. Kama kuna chifu hapa, aandike hayo. Lakini uchawi msinitie mdomoni. Uchawi unawafaa wao. Mchawi hana wa kumshitaki, muuaji anaye."

Kukawa na kelele. Mwaringa alinitukana matusi ambayo siyaandiki, watu wakamshika. Wengine walisema nimehongwa, wengine wakaanza kuondoka mmoja mmoja wakibeba viti vyao, na mwanamke mmoja akalichukua lile sinia akaenda nalo jikoni kama vyombo vya kawaida. Mjukuu mmoja, Katana, kijana wa bodaboda, akamwinua babu yake kwa kwapa akamwambia, "Twende, babu, nina ndugu Ngomeni atakuweka." Hakuna aliyemgusa. Nilijua hawatamgusa tena, si leo, maana neno lilikuwa limeshavunjika mbele ya watu, na neno kama lile likivunjika mbele ya watu hupata shida kuungika.

Alipopita karibu nami Kahindi alisimama. Akataka kunishika mkono, ule wa kushoto, nikaurudisha nyuma.

"Ahsante, mwanangu," akasema.

Nilirudi Gongoni jioni ile ile, nikawasha jiko, wavuna chumvi walikuwa wanataka kula. Nilipika, nikapakua. Mmoja akaniuliza mbona leo mama amenyamaza. Nikamwambia nimechoka na safari. Ningemwambiaje? Sentensi ile niliihifadhi tangu nikiwa na miaka kumi na saba. Ilikuwa ya Dama. Ilikuwa na jina lake mwanzoni na "si mchawi" mwishoni, na yeye aliketi kushoto kwangu mdomo umefura akiingoja. Nimeitoa sasa, nzima, kwa sauti, mbele ya watu, na imemwokoa Kahindi.